Taa ya Injini ya Hoshim

Tohirjon alikuwa fundi mwoga, na mji mzima ulijua. Aliogopa jeki, aliogopa petroli, aliogopa hata wateja wake, na hili la mwisho ndilo lililomponza. Mtu akileta gari taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, yeye huchomeka mashine yake ndogo ya kupimia chini ya usukani, akasoma namba ya hitilafu, akafungua mdomo aeleze. Mteja humkatiza: "Hotuba kaa nazo. Zima taa." Naye hufuta namba, taa huzimika, na ugonjwa hubaki palepale.

Hoshim, kaka wa mkewe, naye alikuja hivyohivyo. Namba ilisema nyaya za kanyagio la mafuta zina kasoro.

"Nifunue zulia hapo chini ya miguu, shemeji, niangalie."

"Ufunue zulia la mama? Kalifuma kwa mikono yake! Zima taa, mwoga we, nina abiria wananisubiri."

Tohirjon akazima.

Hata wiki haikuisha, uchungu ukamshika mkewe Zaynura kabla ya wakati wake. Zahanati ikasema akimbizwe hospitali ya mji mkuu, Dushanbe, na gari lililopatikana upesi lilikuwa la Hoshim. Tohirjon alipoliona likisimama mlangoni, alikumbuka zile nyaya. Alitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Akamlaza mkewe kiti cha nyuma, akakaa mbele na mashine yake mfukoni, macho hayabanduki kwenye dashibodi.

Katikati ya handaki la barabara linalopita chini ya mlima, taa ikawaka. Gari likaishiwa nguvu, likatambaa kidogo na kusimama, Hoshim akikanyaga mafuta bure. Malori ya makaa yakapiga honi nyuma yao, moshi ukajaa, na Zaynura akaanza kukohoa huku akiugulia.

"Umelifanya nini gari langu?" Hoshim alifoka.

"Ng'oa zulia!"

Safari hii hakubishiwa. Tohirjon aliinama akamulika kwa simu. Zulia lile nene lilikuwa limezisugua nyaya za kanyagio siku nyingi, hadi plastiki yake imechubuka, na mbili zilizobaki uchi zilikuwa zinagusana. Utepe wa kuzifungia hakuwa nao; akazitenganisha kwa vidole vya mkono mmoja, kwa mwingine akachomeka mashine.

"Zima gari, nifute, kisha uwashe."

"Lisipowaka je?"

"Hoshim, zima!"

Likazimika. Gizani humo Tohirjon aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, akasoma dua kimoyomoyo, maneno yakimpotea. Akafuta namba. Hoshim akawasha, injini ikakubali.

Waliendelea hivyo, fundi amejipinda kichwa kikiwa kwenye goti la shemeji yake, vidole vimekufa ganzi kwenye nyaya. Hakuona njia wala mkewe. Alimsikia akikohoa, akamsikia akiugulia, kisha hakumsikia tena.

"Zaynura!"

Akaita tena, kwa sauti zaidi:

"Zaynura, nijibu!"

"Nipo," sauti hafifu ikatoka nyuma. "Usiachie."

Hakuachia mpaka mlango wa hospitali. Mtoto alizaliwa jioni ile, binti, mdogo mno lakini mwenye kelele. Hoshim alilia ukumbini mbele za watu bila haya.

Waliporudi nyumbani, Zaynura alimsikiliza mumewe akikiri yote, lile la kuzima taa na lile la kunyamaza mlangoni. Hakumgombeza. Alimgeuzia mtoto ziwa la pili, kisha akauliza:

"Na wale wengine uliowazimia taa, wanapita handaki lile lile?"

Tohirjon aliwahesabu kichwani. Wengi wao walikuwa madereva wa abiria. Alichukua simu, akatoka uani, akaanza kuwapigia mmoja mmoja wayarudishe magari. Wa kwanza alipokea, akamcheka. Wa pili simu iliita, ikaita, hakuna aliyepokea.