Miti Niliyoipa Majina

Moshi wa pori linaloungua hukukaba koo kabla pua haijaunusa. Kila kiangazi Mpanda yote hunuka moshi huo, na kila ukinifikia nageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Ulitanda hivyo hivyo mwaka nilipokuwa darasa la tatu, tukiishi pembezoni mwa mji upande wa Kakese: mimi, bibi, na baba mdogo Silvesta, aliyekuwa fundi wa kusuka mota za umeme. Wazazi wangu walilima tumbaku Litapunga, mimi nikaletwa mjini kusoma. Baba mdogo hakuwahi kukaa darasani hata mwaka mmoja, hakujua a wala be, kwa hiyo kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuandika majina ya wateja kwenye vipande vya boksi la sabuni na kuvifunga kwenye mota zao. Herufi zangu zilianguka upande kama walevi. Wateja waliuzoea mwandiko ule na kuucheka.

Starehe yake ilikuwa miti. Hakunywa pombe, hakuwa na mke, na hilo peke yake liliwatosha watu kumshangaa. Aliwahi kuona kwa kinyozi kalenda kuukuu yenye picha ya mti mzee uliopandwa ndani ya sahani, akili yake ikabaki huko. Moto ukishapita tulifuata reli, tukitafuta miche ya miyombo na mininga ambayo huungua na kuchipua tena kila mwaka, mpaka shina likanenepa kama kifundo cha mkono wakati urefu haufiki gotini. Tuliichimbua pamoja na udongo wake na kuifunga kwenye gunia bichi. Nyumbani aliipunguza mizizi, akaipanda kwenye madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa, kisha akazungushia matawi waya wa shaba wa mota mbovu na kuyapinda polepole huku akiyasemesha. Samaki mkunje angali mbichi, aliniambia. Mingi ilikufa. Iliyopona, kumi na mmoja, ilisimama mstari nyuma ya nyumba, mifupi na imejikunja kama vikongwe. Bibi alipita pale bila kuitazama. Alisema kitu ukikikataza kukua, kitatafuta mahali pa kulipiza.

Sasa sikieni nilichofanya. Nilikuwa nimezoea kuandika majina, na miti ile haikuwa nayo. Nikaipa majina ya wenzangu wa darasani, kila mmoja na kipande chake cha boksi. Ule mfupi kuliko yote nikauita Shija, kwa kuwa Shija wa jirani alikuwa mfupi kuliko sote na alizoea kunivuta nywele. Utoto tu, jamani. Baba mdogo aliniuliza vimeandikwa nini, nikamsomea, akacheka mpaka akakohoa. Wiki ile ile aliukata Shija kilele, akalifunga waya tawi lake la kushoto mpaka likalala. Kabla ya mvua za kwanza Shija mwenyewe akashikwa na homa, na homa ilipomtoka, mguu wake wa kushoto ulikuwa hauinuki.

Mama Shija alikuja Jumamosi mchana kuchukua mota ya mashine yao ya kusaga. Uani kulikuwa na wateja wengine kama watano. Alizunguka nyuma kunawa mikono, akakawia. Nilijua. Alirudi na kile kipande cha boksi kiganjani, hakupiga kelele, akauliza taratibu, "Nani ameandika jina la mwanangu?" Bibi akanitazama. Nikasema, "Sijui." Akauliza tena, safari hii macho yake yakiwa kwangu, na mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba siku hizi watoto nao wanafundishwa mapema. Hapo baba mdogo akaweka koleo chini.

"Nimeandika mimi," akasema.

Hakuna aliyemuuliza neno jingine. Walibeba mota zao, hata zile ambazo hazijaisha, wakaondoka. Kazi ikakatika. Nikifika kisimani, mazungumzo yanazimika. Watu walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakimaanisha yeye, na mimi nikawa nasikia jina langu. Asubuhi moja tulikuta komeo la mlango wetu limezungushiwa waya wa shaba, kwa nje. Tulitokea mlango wa uani, na bibi akaufungua waya ule kwa meno. Tulipopata habari kwamba sungusungu wameitisha mkutano, baba mdogo hakuusubiri. Alipanda treni ya Tabora na mfuko mmoja. Kuniaga kwake kulikuwa kunikumbusha nimwagilie miti asubuhi, siyo jua likishawaka. Nilikuwa nimeshika kopo la maji wanaume walipoingia na dizeli, wakaimwagia miti na kuiwasha. Hatukumsikia tena. Wengine walisema yuko Kaliua, wengine wakasema hakufika popote. Bibi alikufa akiacha mlango wa uani wazi kila jioni.

Leo mji una lami na taa za barabarani, nami ni mwalimu, nafundisha watoto kuandika. Shija ana duka na anachechemea. Daktari alishamwambia mguu wake uliharibiwa na ugonjwa unaojulikana, lakini mama yake hataki kusikia. Kiangazi kilichopita mimi na mama huyo tulikutana msibani, tukapewa ungo mmoja tuchambue mchele. Nikaona nitakufa nalo. Nikamwambia, "Mama, lile jina niliandika mimi."

Hakuacha kuchambua. "Najua, mwanangu. Mota yetu ilikuwa na mwandiko huo huo. Silvesta hakujua kuandika, nani hakujua hilo?"

Nikamuuliza kwa nini basi.

"Alikubali," akasema. "Na sisi tulikuwa tunatafuta mtu."

Nina myombo mmoja barazani, niliutoa kando ya reli, una miaka mitatu ndani ya dumu. Sijaufunga waya na sijaupa jina. Wapita njia wakiniuliza mbona haukui, nawajibu ni mti tu. Jana nilisikia mtoto wa nyumba ya pili ana homa. Leo asubuhi, kabla ya kwenda shule, nimeuingiza ndani na kushusha pazia.