Kiganja Kwenye Ngozi ya Mbuzi

Niliporudi kutoka Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Unguja nzima hapakuwa na mtu aliyekata ngozi kwa leza isipokuwa mimi. Mashine niliileta mwenyewe ndani ya kontena, kwa jasho langu. Stashahada niliitundika ukutani juu yake, pale karakanani kwangu Mji Mkongwe, mteja aione kabla hajafungua mdomo.

Sikumwamini mtu anichagulie ngozi. Iliyotengenezwa kwa dawa za kiwandani sikuigusa, maana ikipigwa leza hutoa moshi wa sumu. Nilikata kipande chembamba ukingoni nikakitia kiberiti. Jivu likiwa la kijani, niliirudisha. Likiwa jeusi na la kuvunjika, niliichukua.

Jumatatu moja akaja mjane wa mtaa wa nyuma, eda yake imekwisha wiki ile, na ngozi ya mbuzi kwapani. Mumewe alikuwa fundi wa makubadhi. Ngozi ile aliitengeneza mwenyewe kwa magome ya mkoko, akafa kabla hajaishona. Bibi alitaka liwe jalada la msahafu wa marehemu, utakaosomwa hitmani Alhamisi. Hakuwa na ngozi nyengine. Nikamwambia alale usingizi, mikononi mwangu hakijaharibika kitu.

Niliiinua juani, sikuona kovu wala alama ya kupe. Nikailowesha kidogo, nikaibandika utepe wa karatasi ili masizi yasiiingie, mashine ikachora nakshi ya mnyororo kama ya milango yetu ya mbao. Uchochoro ukajaa harufu ya nywele zilizoungua. Muuza kahawa wa jirani akachungulia kuuliza nani nimemuunguza leo. Nilicheka. Halafu nikaona paka waliokuwa wakilala kizingitini pangu kila siku wameondoka wote.

Jumanne nikafuta masizi kwa kitambaa na sabuni, nikaianika kivulini. Jumatano nikapaka mafuta na nta, na hapo kiganja kikatoka. Kilikuja taratibu, cheusi, kama mtu aliye upande wa pili akiisukuma ngozi. Kidole gumba, vidole vitatu, kisha pengo. Kidole cha mwisho hakikuwapo.

Sababu naijua, nimesoma. Jasho la mkono likiingia ngozini hukaa, na mafuta huliibua. Nikafuta kwa maji ya ndimu, nikapaka upya. Kikarudi cheusi zaidi. Nikakiwekea mkono wangu juu. Kilikuwa kikubwa kuliko wangu.

Ilinipasa kwenda kumwambia mjane siku ileile. Badala yake nikaona haya, na haya ilipopita nikaona fahari. Fundi gani mwengine kisiwani angemrudishia mjane mkono wa mumewe?

Alhamisi baada ya adhuhuri akafika. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamweleza kwa maneno marefu habari ya jasho na mafuta, nikamalizia, "Bi, fundi ametuachia mkono wake."

Akaweka kidole chake penye pengo, akakiacha hapo.

"Mume wangu kafa na vidole vyake vyote," alisema.

Nikasema labda alikuwa na msaidizi. Akatikisa kichwa. Ngozi ilitengenezwa uani kwake yeye akitazama, na tangu msiba ilikuwa ndani ya sanduku, ufunguo anao mwenyewe.

"Huyu mie simjui. Msahafu siuvishi mkono wake."

Nikamwahidi kuipaka rangi nyeusi, kabla ya alasiri alama haitaonekana.

"Ukimpaka rangi, ndio atakuwa katoka?"

Aliondoka bila hasira na jalada akaliacha mezani.

Msahafu ulisomwa ukiwa umevikwa kitambaa cheupe. Nami nilikuwamo hitmani, nimepewa juzuu yangu kama wengine, lakini sikusoma hata aya moja. Kila mwanamume aliyefunua ukurasa nilimtazama mkono, nikamhesabu vidole.