Ekseli ya Isebania na vidole vinne vilivyonidanganya

Wakuu, salamu kutoka huku kwetu ziwani. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijatia chumvi hata punje. Nina miaka themanini na kitu, sina tena wa kumdanganya.

Ni miaka ya sitini, mwishoni mwishoni. Nilikuwa fundi wa magari pale Migori, kijana, mdomo mwingi masikio kidogo.

Kaka yangu Ouma alikuwa na pickup ndogo ya Kijapani ya kubebea samaki kutoka Homa Bay. Siku moja diff, zile gia za ekseli ya nyuma, ikang'oka meno. Gari likalala kwangu.

Sasa sikieni ubaya wenyewe. Mama yetu alikuwa anaumwa, yuko kwa Ouma hapo Migori. Hospitali walishasema mrudisheni nyumbani. Nyumbani ni Mfangano, kisiwani, alikozikwa baba.

Alinishika mkono akaniambia, "Nyathina, tera dala." Mwanangu, nipeleke nyumbani. Kwetu mzazi akisema hivyo, hamjadiliani naye. Mnatafuta gari.

Spea ya gari lile haikupatikana. Nikaenda Isebania kwa Marwa, aliyekuwa akiuza vyuma vya magari yaliyokufa. Akanipa ekseli nzima ya nyuma ya pickup kubwa kidogo, pamoja na rimu na matairi yake. Akanifungulia diff niione ndani. Meno safi.

Akaniambia, "Hii ni pana kuliko yenu. Angalia tairi isiguse bodi."

Nikamwambia mimi ni fundi.

Kwa wasiojua haya mambo: ekseli ikiwa pana, tairi halikai tena ndani ya bati la madigadi, linasogea nje, chini ya ule ukingo wa bati. Halafu ile ya zamani ilikuwa na stadi tano, zile bolti za kufungia rimu, hii ilikuwa na sita. Kwa hiyo rimu zetu za nyuma hazikuingia, tukatumia zake, na matairi yake yalikuwa manene zaidi. Vikalio vya springi navyo vilikaa mbali, ikabidi vikatwe na kuchomelewa upya.

Kazi ya kuchomelea aliifanya Mzee Chacha, Mkuria mmoja aliyekuwa na mashine jirani yangu. Alimaliza Ijumaa jioni.

Nikaingiza vidole kati ya tairi na madigadi. Vinne, vimepita bila shida. Nikasema gari limepona.

Chacha akatikisa kichwa. "Wewe kijana, gari inapimwa ikiwa na mzigo. Pakia mawe kwanza, springi ilale, ndio uweke vidole yako."

Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, spana inawekwa chini. Nikamjibu, "Mzee, Sabato imefika."

"Mawe ni dakika kumi. Mungu atakasirikia mawe?"

Nikafunga karakana.

Wakuu, nisiwadanganye. Jua lilikuwa bado lipo. Niliona tu aibu kufundishwa kazi mbele ya watu. Sabato ilikuwa kisingizio, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jumapili asubuhi tukamlaza mama kwenye godoro nyuma. Huwezi kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo gunia mbili za mahindi zikapanda. Halafu shangazi zetu. Halafu watu wa kanisa wa kuimba. Tukawa tisa nyuma. Ouma akashika usukani.

Tulipopita Rongo nikaanza kusikia kitu kinakwaruza chini yangu kila gari likiingia shimo. Baadaye nikanusa mpira unaoungua.

Nilijua palepale. Springi zimelala, ukingo wa bati unakula tairi.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Kugonga kebini ya dereva, kusimamisha gari, kushusha watu na magunia, kukunja ule ukingo kwa nyundo. Nusu saa. Lakini ningesimama, ningetakiwa kueleza. Nikajiambia bati litajichonga lenyewe. Nikaimba na wengine.

Karibu na Rodi tairi likapasuka.

Ouma akashuka, akachukua spea ya tairi, akaipeleka kwenye ekseli. Matundu matano, ya stadi tano. Ekseli ina sita. Akaijaribu mara ya pili, akaigeuza, kana kwamba matundu yangeongezeka. Sikuwa nimeiwaza spea hata kidogo. Fundi mzima!

Ziwa lilikuwa linaonekana kule chini. Boti la Mfangano lilikuwa linangoja Homa Bay.

Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari. Tukamhamishia mama kwenye kivuli cha pickup. Aliuliza mara mbili, "Tumefika?" Mara ya pili Ouma alimwambia ndiyo.

Lori lilipotokea, mama hakuwa nasi tena.

Ouma hakunilaumu. Aliinuka, akapiga ile ekseli teke akasema, "Marwa ameniuzia kitu mbovu. Marwa ameua mama yangu."

Akanitazama mimi, fundi, nithibitishe.

Nikatazama chini.

Kunyamaza kule ndiko kukawa ushahidi. Ouma alizunguka kwa madereva wote, Migori mpaka mpakani, akisema Marwa anauza vyuma vya kuua watu. Wateja wakamkimbia. Hakumaliza miaka miwili akafunga.

Ekseli yenyewe Ouma aliiacha kwangu, hakutaka kuiona. Nikaifanyia mkokoteni wa ng'ombe. Ulibeba miwa na mawe ya kujengea miaka zaidi ya ishirini, haukuvunjika hata siku moja. Ouma mwenyewe alikuwa akipishana nao njiani, asijue.

Mwezi uliopita tumemzika Ouma, Mfangano, karibu na mama. Nilipewa nafasi ya kusema kama mdogo wake. Nikasema alikuwa mtu mkarimu, nikaketi.

Funzo kwa mafundi wa humu: ekseli inaweza kuingia na bado isifae. Hesabu stadi, kumbuka spea, pakia mzigo ndipo upime. Na ukinusa mpira, gonga kebini, hata kama aibu ni yako.

Wenye maneno makali leteni, nitayasoma yote. Ila ninayemtafuta hasa ni mtoto au mjukuu wa Marwa wa Isebania. Kama upo humu na mlikua mkisikia watu wakisema vile: ekseli ya baba yenu ilikuwa nzima.