Wifi Yangu na Riwaya ya Jaji

Katika ukoo wa marehemu mume wangu hatuna mtu wa kubahatisha kazi. Mdogo wake wa kike alipoajiriwa maktaba, jirani mmoja akaniuliza kama anafuta vumbi. Nilimjibu palepale: "Anawapa watu vitabu vya kuwakosesha usingizi. Wa kwako anafanya nini?"

Sikumtetea kwa undugu tu. Wifi yangu ana jicho. Kila asubuhi huanzia kwenye toroli la vitabu vilivyorudishwa. Kilichorudi na mgongo uliopinda na madoa ya chai hukiweka kando, maana hicho kimesomwa hata mezani. Kinachong'aa hukirudisha rafuni bila huruma. Kisha hivyo vyenye madoa huvisoma mwanzo na katikati. Mwisho hausomi kamwe.

"Mimi nina mdomo, wifi," huniambia. "Nikiujua mwisho nitaumwaga kaunta."

Na msomaji hamuulizi anapenda nini. Humuuliza: "Kipi umekiacha njiani, na kilikuchosha wapi?"

Jaji mstaafu, ambaye mji mzima humpisha njia, alijibu kwamba ameacha kitabu cha historia. "Kila mtu humo ana uhakika. Nimechoka na watu wenye uhakika."

Wifi akampa riwaya ya mapenzi. Ya mapenzi! Niliposikia nilishika kichwa. Mkuu wa maktaba alikuwa ameshamwonya: lalamiko moja tu, atatolewa kaunta akapange magazeti stoo. Jina letu lingetafunwa kila kibaraza.

Nilikuwa pale siku Jaji aliporudi. Aliingia kwa kishindo, akakibwaga kitabu kaunta.

"Binti, umenifanyia nini?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Hukukipenda?"

"Nimekipenda mno! Kurasa za mwisho hazipo! Yule msichana alipanda treni au hakupanda?"

Wifi akakigeuza kitabu, akapapasa jalada la nyuma. Mwisho hakuugusa, angejuaje kwamba umenyofoka?

Mama mshonaji, aliyeketi dirishani, akanyoosha mkono. "Mimi nilikisoma kikiwa kizima. Yule msichana..."

"Nyamaza, mama!" Jaji akaziba masikio. "Ukisema, nitakufunga!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na kibao cha kuomba kimya kiko ukutani.

"Nakala nyingine iko stoo," wifi akasema. "Wifi, njoo unishikie ngazi!"

Na shahada yangu, na viatu vyangu vya visigino, nikakimbia. Tukapangua masanduku, tukapiga chafya, mpaka akapiga ukelele: "Hiki hapa!" Akanitupia, akafumba macho. "Tazama wewe kama mwisho upo. Mimi sitaki kuona!"

Ulikuwepo. Jicho langu likaanguka kwenye mistari miwili, nikakifunga haraka.

Jaji alikisoma amesimama palepale kaunta. Hakuna aliyefunua ukurasa wake. Sote tulikuwa tunausoma uso wake. Alitabasamu, akakunja uso, akashika kidevu. Mwishowe akapiga kofi la furaha juu ya kaunta, na mkuu wa maktaba akatoka ofisini mbio kuja kuona nani anapigana.

"Huyu binti ni wa nani?" Jaji akamuuliza.

Kabla mkuu hajafumbua kinywa nilijibu mimi, kwa sauti ya kusikika barabarani: "Wetu!"

"Basi asitoke hapa kaunta," Jaji akamwambia mkuu. "Bado hajanichagulia kingine."