Siku Afisa wa Ubalozi Alipokaribishwa Kahawa Nshamba

Jamani, hili jambo nikilikumbuka hadi leo nafunika uso, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu mkilisikia kwa shangazi zangu litakuwa limeshatiwa chumvi.

Mnamjua Ruben, Mholanzi wangu, yule aliyekuwa Maruku akifanya utafiti wa migomba. Aliporudi kwao tukaanza kutafuta namna ya mimi kumfuata, tukakuta kuna njia ya mke na njia ya mchumba, nami nikachagua ya mchumba kwa sababu ndoa ya kanisani bado. Yakabaki mahojiano tu na afisa wa ubalozi, kwa video, na badala ya kuyafanyia chumbani kwangu mjini, Kashai (kelele za bodaboda za pale mnazijua) nikaona bora niende Nshamba kwa mama, kwenye utulivu. Nikamwambia, "Mama, wanataka kuhakikisha uhusiano wetu ni wa kweli," nikaenda zangu kuoga.

Sasa mwambie Mhaya athibitishe ndoa, halafu utegemee aje peke yake! Naingia sebuleni na kompyuta yangu, ukoo umejaa, shangazi na vitenge vyao vipya, baba mkubwa Ta Kamuhabwa kwenye kanzu na koti. Kabla sijawatoa, afisa akatokea kwenye kioo, mama mmoja mwenye miwani, na mama yangu papo hapo akapiga magoti kumwamkia kama inavyotakiwa, kwa hiyo mgeni akawa anaona kilemba tu. Ta Kamuhabwa naye akasogeza kikapu cha kahawa ya kutafuna mpaka kikaziba kamera.

"Karibu akamwani, waitu!" akamkaribisha kahawa kwa heshima zote za Kihaya.

Afisa akauliza hawa ni akina nani. Ta Kamuhabwa, ambaye Kiingereza chake ni cha shule za zamani na anakipenda mno, akanitangulia kutangaza kwamba mimi ni mke halali wa Rubeni, mahari ilishapokelewa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilishanywewa.

"Mke?" afisa akasema. "Mbona uliomba kama mchumba?"

Nikajua safari imekufa. Nikaeleza kwamba kimila ndiyo, kanisani bado, serikalini hapana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana tapeli, huku shangazi wakinisaidia kwa kelele. Afisa akaomba nimuulize mama kama anamjua huyu mwanaume na kama anakubali niende.

Mama akainuka, akakaa karibu yangu, akajibu kwa Kihaya, taratibu. "Sitaki aende. Rubeni hunipigia kila Jumapili, Kihaya chake kibaya mpaka nacheka peke yangu shambani. Anampenda. Sitaki aende, lakini sitamzuia."

Mkalimani ni nani? Mimi. Nikatafsiri yote, makamasi yakinitiririka mbele ya serikali ya watu. Afisa akauliza hicho Kihaya cha Ruben ni kibaya kiasi gani, na shangazi wote wakamwigiza Ruben kwa pamoja.

Kibali kimetoka, cha mchumba. (Kumbe Ruben naye alipoulizwa kule kama ameoa alijibu, "Nshamba ndiyo, hapa bado.") Naondoka mwezi ujao. Ila naapa, sitamtafsiria tena mama yangu maishani, maana lile "Sitaki aende" lingebaki kwenye Kihaya chake, nisingelazimika kulisema kwa mdomo wangu mwenyewe.