Mbao za Dawa

Kuna mafundi wa haraka, na kuna huyu. Watu walimwita Taratibu, wala jina hilo halikumuudhi, maana mlango alioutia yeye ulifunga bila kusukumwa kwa kiuno, na hao wa haraka waliitwa kila msimu wa mvua kurudia kazi zao. Lakini fundi huyo huyo aliyerekebisha nyumba za mtaa mzima, nyumba yake mwenyewe ilikuwa aibu tupu. Mafundi ndivyo walivyo.

Ilikuwa nyumba ya mbao, aliyoijenga alipooa, na ukuta wake mmoja ulipigwa na mvua moja kwa moja. Mbao za nje za upande huo zilikuwa zimeoza, na pale ambapo hazijaoza mchwa walikuwa wamejipatia makao. Nyuma ya ukuta huo ndipo alipolala mama yake. Mama alikuwa mtu mzima sana sasa, kifua kibovu, ulimi mzima. Msimu uliopita alilazwa hospitali, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba akikaa tena na unyevu ule, msimu mwingine hataumaliza. Kwa hiyo ukuta ulitakiwa kuvikwa upya kabla ya mawingu kurudi, na hapo utaratibu wa fundi haukuwa na nafasi.

Alikata shauri kwamba safari hii ataweka kitu cha kudumu. Bati lilikataliwa mapema, na aliyelikataa ni mkewe.

"Mwekee mama bati, halafu mvua ikinyesha atadhani tumemfungia ndani ya ngoma."

Mbao za plastiki hakutaka hata kuzisikia. Aliwahi kumfungia mteja mmoja, jua likazipindapinda hadi zikapasuka, na zilipobanduliwa ziliishia jalalani zikichomwa, moshi mweusi ukiwakohoza watoto wa jirani. Kumkinga mama yake kwa kuwakohoza watoto wa wenzake aliona ni uchoyo.

Alichokitaka moyoni ni mbao za kuunguzwa. Kazi hiyo alifundishwa na fundi wake wa kwanza: unachukua mbao ya mti wa kupandwa, unauunguza uso wake mmoja kwa moto mkali hadi uwe mweusi kama mkaa, unausugua kwa brashi ya waya, kisha unaupaka mafuta ya mimea. Maji yanateleza, mchwa wanapita mbali, na ndani yake hamna kitu cha kumdhuru mtu wala udongo. Akaunguza mbao moja, akaisugua ikang'aa, akampelekea mama kama mtu anayepeleka kitambaa kichaguliwe.

Mama aliitazama mbao, akamtazama mwanawe.

"Hii imeungua."

"Nimeiunguza makusudi, mama. Ndivyo inavyodumu."

"Nyumba yangu ya kwanza iliungua kwa bahati mbaya. Wewe hii ya mwisho unaniunguzia makusudi?"

"Lakini mama..."

"Nikifa utaziweka. Ningali hai, silali ndani ya jiko."

Mkewe alicheka hadi akaitua sufuria chini. Taratibu alikubali shingo upande. Tangu azaliwe hakuwahi kumshinda mama kwa maneno, na hakuona sababu ya kuanza sasa.

Basi akaenda kwa muuza mbao.

"Chukua hizi za dawa, fundi," muuza mbao alimwambia. "Zimelowekwa kiwandani. Haziozi, haziliwi, wajukuu watazikuta. Ila vipande usipikie, moshi wake mbaya. Dawa yake kali."

Hilo alilijua. Alipozikata alijifunga kitambaa puani, na nyumbani alimwonya mkewe kwamba vipande na maranda visikaribie jiko hata kidogo. Mkewe alielewa. Mama hakuambiwa. Alikuwa hajaingia jikoni siku nyingi, akiamka tu kulifuata jua na kiti chake, na nani hufikiria kumwonya mtu wa namna hiyo?

Kiti hicho alikiweka karibu na kazi, maana alipenda kumtazama mwanawe akiranda mbao na kupiga misumari. Maranda yalimwangukia miguuni.

"Ndizo hizo ulizomwambia mkeo zina dawa?"

"Ndizo, mama."

"Dawa ya nini?"

Fundi alikuwa amebana misumari midomoni, mbao iko gotini, na upande wa mbali wingu lilikuwa limeanza kukunja uso. Angesema ya mchwa. Maneno mawili tu. Lakini hao wawili waliishi kwa kutaniana, na utani ndio uliomjia kwanza.

"Ya kila kitu, mama. Atakayelala humu haugui tena."

"Hata kifua?"

"Kifua ndicho cha kwanza."

Mama akacheka, naye akarudi kwenye msumari wake.

Ukuta ulikwisha mvua haijafika. Ulipendeza, mbao zimelaliana sawasawa zenye rangi ya kijani kwa mbali, na chumba kikakauka. Mkewe alifagia maranda akayatia kwenye gunia. Kama yalikuwa pungufu, hakuna aliyejua, kwani nani hupima taka?

Kisha mama akaanza kutapika. Walidhani ni chakula, wakampa maji, maji nayo yakarudi. Kulipokucha hakuweza kusimama, na walimbeba hadi hospitali. Daktari aliuliza amekula nini. Uji, walisema, ule ule waliokunywa wote. Daktari aliuliza tena, na walijibu vile vile.

Alipobaki na mwanawe peke yao, mama alimwashiria ainame.

"Mwanangu, dawa yako kali."

"Dawa gani, mama?"

"Ile ya mbao. Nilitia maranda kwenye chupa ya maji ya moto, nikawa nakunywa kidogo kidogo." Alipumzika. "Kifua bado. Lakini naona inafanya kazi, inatoa uchafu wote." Akampapasa mkono, kana kwamba mgonjwa ni yeye fundi. "Usimwambie mkeo. Atasema nimemharibia chupa yake ya chai."

Taratibu alikimbia, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, akamshika daktari mkono na kumweleza. Daktari alimsikiliza, akasema watajaribu. Walijaribu kweli. Mama alifariki siku ya pili yake.

Mvua ilianza walipokuwa wakirudi kutoka makaburini. Fundi aliingia chumba kile akapitisha kiganja ukutani, kona hadi kona. Hapakuwa na unyevu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa nzuri, na aliichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote.

Mvua zilipokatika alizibandua mbao zote. Muuza mbao hakuzitaka. Kuzichoma haiwezekani, kuzifukia ni kuupa udongo sumu ile ile, na kumgawia mtu hakuthubutu. Zikapangwa nyuma ya nyumba na kufunikwa turubai, na huko ziko mpaka leo, hazijaoza, hazijaliwa. Ukutani aliweka zile za kuunguzwa, kama mama alivyosema. Majirani walinong'ona kwamba nyumba imevaa msiba. Hawakukosea.

Juzi alikuja mwanamke mmoja anayejenga, akaupenda ukuta mweusi, akauliza kama mbao zake zina dawa.

"Hizi hazina kitu," alisema fundi. "Zenye sumu ziko nyuma."

"Sumu? Wenzako wanaziita za dawa!" Mwanamke alicheka. "Fundi, una utani wewe."

"Sina," alisema Taratibu. "Nilikuwa nao."