Maziwa Aliyonyonya Mwana wa Mungu

Siku niliyosema "simjui" naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya arusi yangu. Ilikuwa Garissa, wakati wa vita vya shifta, askari wa serikali wakiwasaka waasi wa Kisomali. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu ya maji kule mtoni, nami nilikuwa mgeni kutoka Meru, msichana wa kanisani mwenye mdomo.

Kila asubuhi Halima, mwuza maziwa wa Kisomali, aliniletea maziwa ya ngamia katika chombo cha kusukwa, kilichofukizwa moshi. Alikiacha kwangu, kesho yake akaja na kingine, akachukua kile kitupu. Alikuwa na mtoto mchanga, na mzaha usiokwisha. Siku moja alinikuta naomba, akasubiri nimalize.

"Abaayo," akasema, yaani dada, ndivyo alivyoniita, "Mungu yenu iko na mtoto kweli?"

"Anaye."

"Sasa hiyo mtoto ilinyonya maziwa ya nani?"

Shule niliacha darasa la pili, na mafundisho ya kanisa niliyajua kwa kukariri: Mungu ni roho, Mungu yuko kila mahali. Maziwa hayakuwamo. Badala ya kusema sijui, nilimwambia anamtukana Mungu, nikamfungia mlango.

Akacheka huko nje. "Basi uliza mzee ya kanisa, kesho uniambie!"

Hasira hasara, lakini mimi niliiita imani.

Kesho yake askari walizingira soko la maziwa. Wanawake walikalishwa juani. Aliyepata mtu wa kumtambua aliachiwa. Aliyekosa alipandishwa lori. Nilikuwa napita na beseni langu, Halima akaniona.

"Abaayo! Waambie. Mtoto yangu iko nyumbani, bado ananyonya."

Askari akanigeukia. "Mama, unamjua huyu?"

Usidhani niliogopa, mwanangu. Kama ningeogopa, ningekwisha kujisamehe. Nilikumbuka kile kicheko, nikaona nimepata nafasi ya kumtetea Mungu.

"Simjui."

Halima alinitazama, nguo yake imelowa maziwa kifuani.

"Chombo yangu iko kwako," akasema. Akapanda lori.

Nilikwenda kwa mzee wetu wa kanisa, mwashi mmoja mkavu wa maneno. Nilitaka anisifu. Alinisikiliza huku akifuta saruji mikononi.

"Alikuuliza nini huyo mama?"

Nikamwambia.

"Alinyonya maziwa ya mama yake, kama mtoto wa Halima. Mungu wetu ndivyo alivyo. Alishuka mpaka akaijua njaa. Wewe umemtetea aliye juu, asiyehitaji mlinzi. Huyu wa chini umemwondolea mama."

Nikaanza kulia.

"Usinililie mimi," akasema. "Kuna mtoto ana njaa saa hii."

Nilikimbia sokoni kusema namjua. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka, na hakuna aliyekuwa ameliandika jina lake. Nikaenda kwao. Jirani akaniambia nyanya amembeba mtoto, amefuata njia ya Wajir kwa miguu. Halima hakurudi. Yule mtoto, kama aliishi au hakuishi, sijui hadi leo. Maji yakimwagika hayazoleki. Chombo chake ninacho. Harufu ya moshi ilitoka zamani.

Sasa sikia, maana sina nguvu ya kurudia. Usipojua habari za Mungu, sema sijui. Hilo si dhambi. Dhambi ni kusema humjui mtu uliyekunywa maziwa yake. Wapo watakaokwambia Mungu ni wa upande wetu. Waulize kama upande ule mwingine watoto hawanyonyi. Na ukitaka kujua Mungu yukoje, usitazame mbinguni tu. Tazama nani amekaa juani akingoja mtu aseme anamjua.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyenyonya akutunze, mwanangu. Na siku ukiulizwa "unamjua huyu?", akuonyeshe uso wake mwenyewe kabla hujafungua kinywa.